Kiti cha Kinyozi wa Chungwa

Mzee aliposema asubuhi ile kwamba anakwenda kunyolewa na kwamba binti yake amsindikize, Mshonaji hakuona ajabu. Ajabu aliiona walipofika njia panda na mzee akakata kushoto.

"Baba, kinyozi wako yuko kulia."

"Najua aliko. Ananinyoa tangu hujazaliwa."

"Sasa tunakwenda wapi?"

"Wewe nifuate tu. Au unaogopa wataning'ata?"

Kushoto kulikuwa kwa watu wa Chungwa. Mji ule ulikuwa na timu mbili za mpira, Bluu na Chungwa, na watu wake walikuwa wamegawana kila kitu, mpaka vinyozi. Mtu wa Bluu hakununua mkate uliookwa na Chungwa hata watoto walie njaa. Mtu wa Chungwa aliyeumwa jino alivumilia, shavu limevimba, mpaka apate daktari wa rangi yake. Usicheke, msomaji, kama kwenu hakuna ujinga huu, basi mnao mwingine. Baba yake Mshonaji ndiye aliyekuwa Mwenyekiti wa mashabiki wa Bluu, na alikuwa ameapa mbele ya ukoo mzima kwamba binti yake haolewi na Chungwa hata wanaume wengine wote waishe duniani.

Aliapa hivyo kwa sababu alikuwa amesikia habari za kinyozi. Mshonaji, ambaye kazi yake ilikuwa kushona jezi na bendera za Bluu kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya baba yake, alikuwa amempenda kinyozi wa Chungwa, mwanaume wa sauti ya chini na vidole virefu, aliyemwita yeye Sindano kwa ukali wa ulimi wake. Kinyozi alituma wajumbe kwa heshima zote. Wajumbe walirudi wamelowa. Katika nyumba nzima aliyewaunga mkono alikuwa mmoja tu, kaka yake Mshonaji, kijana waliyemwita Kipaza kwa kuwa aliongoza nyimbo za Bluu na sauti yake ilifika kona zote za uwanja bila chombo chochote.

Kipaza sasa alikuwa kaburini, na aliyemtia huko ni ukuta.

Katikati ya majukwaa ya uwanja ule palikuwa na ukuta uliotenganisha mashabiki. Zamani ulimfika mtu kifuani. Kila msimu pande zote mbili ziliongeza matofali, tena kwa kushindana, maana hakuna aliyetaka kuuona uso wa mwenzake hata kwa bahati mbaya. Tabaka la mwisho alilisimamia Mwenyekiti mwenyewe, akapigwa picha juu ya ngazi akicheka. Siku ya mechi ya watani mvua ilinyesha kwa upepo, watu wakausogelea ukuta kujikinga, Bluu huku na Chungwa kule, wakauegemea. Ukuta uliangukia pande zote mbili.

Baada ya maziko hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumwita mwenzake adui. Waliachiana nafasi msibani, wakabebana, wakalia kwenye mabega ambayo mwezi uliopita wasingeyagusa. Jumamosi iliyokuwa inakuja walikubaliana wakutane uwanjani bila mpira, wakae jukwaa moja, na Mshonaji alikuwa ameombwa ashone bendera moja kubwa ya rangi zote mbili. Alikuwa anaishona kwa hasira. Kila alipounganisha bluu na chungwa alijiuliza kwa nini kazi hii hakupewa yeye wakati kaka yake yu hai, na jibu lilimfanya akanyage cherehani kwa nguvu mpaka uzi ukakatika.

Kwenye benchi nje ya saluni walikuwa wamekaa wazee wa Chungwa. Mmoja wao, mwokaji mikate, alikuwa amempoteza mkewe siku ileile ya ukuta. Alipomwona Mwenyekiti alisimama.

"Kaa, kaa bwana," Mwenyekiti alimwambia. "Nimekuja kunyolewa, sijaja kuchukua kombe."

"Kombe lenyewe mngelipata wapi?" mwokaji alisema, na wote wakacheka kicheko kifupi cha watu ambao bado wanajifunza.

Ndani, Kinyozi alikuwa anafagia. Picha za wachezaji wa Chungwa alikuwa ameziteremsha, na ukutani yalibaki madoa meupe mahali zilipokuwa. Aliinua uso, akamwona aliyeingia, akamwona na aliyekuwa nyuma yake. Aliuweka ufagio kando.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kiti cha watu wabaya ni kipi?"

"Vyote ni vyako."

"Aa, mdomo unao." Mzee alikaa, akakiegemeza kichwa. "Ndevu zote. Kichwa kiache kama kilivyo. Na usiniwekee alama, Jumamosi nasimama mbele za watu."

Kinyozi alimfunga kitambaa shingoni, akaanza kumpaka povu. Mshonaji aliketi kwenye kiti cha pembeni, mkoba mapajani. Kioo kilikuwa mbele yao wote watatu, na humo macho yake yalikutana na ya Kinyozi. Tangu msiba walikuwa wameonana mbele za watu tu. Alikuwa amekonda. Mshonaji aliona kwamba kola ya shati lake imeanza kufumuka, na alitamani kumvua shati lile, alishike mikononi, alirekebishe, amrudishie likiwa bado na joto la pasi. Kinyozi ndiye aliyekwepesha macho kwanza.

"Nasikia ulitaka kuniibia binti," mzee alisema ndani ya povu.

"Sikuiba, mzee. Nilileta wajumbe."

"Uliwaleta. Na ile ndoo ya maji niliimwaga mimi, wasije wakamsingizia mtu mwingine. Mjomba wako alilowa sana?"

"Mpaka soksi."

Mabega ya mzee yalitikisika chini ya kitambaa. Kisha yakatulia.

"Mwanangu alinisema sana siku ile. Kipaza. Aliniambia, 'Baba, umemmwagia maji mtu aliyekuja kukuheshimu.' Sikumsikiliza. Nilimwambia anyamaze. Wewe ndiye uliyetuletea mwili wake. Ulimbeba mikononi toka uwanjani mpaka mlangoni kwangu, na damu yake imekuganda shingoni. Mimi nimekaa nikafikiri. Watume wajumbe tena. Safari hii watakunywa chai, hawataoga."

Mshonaji alishika mkoba wake kwa mikono miwili. Furaha ilimjia na aibu pamoja, maana aliona ni furaha iliyonunuliwa kwa kaka yake. Kwenye kioo alimtafuta Kinyozi. Mwanaume wa watu hakuwa anafurahi. Alikuwa ameinamia kiwembe kana kwamba amesomewa hukumu.

"Ahsante, mzee," alisema.

"Usinishukuru bado. Nina jambo nataka unisaidie. Wewe ni mtu wa kule, utanisaidia." Mzee alifumba macho, na Kinyozi alipoanza kumnyoa chini ya taya yeye akaendelea kusema polepole, akingoja kiwembe kipite. "Ukuta ulipolala, mimi nilikuwa chini kabisa, karibu na kile kijilango cha ukutani. Vumbi tupu, mvua yenyewe haijalituliza. Nikawa namwita mwanangu. Najua yeye hukaa juu kule na waimbaji wake, nikasema nipande nimfuate. Hapo ndipo nilipomkuta kijana wa kwenu."

"Wa Chungwa."

"Jezi ya Chungwa. Kalala kifudifudi upande wetu, hata sijui alifikaje. Matofali yamemfunika toka kiunoni kwenda chini, kichwa kizima vumbi, hata nywele huzioni. Watu wetu wanamruka, wanachukua wetu. Na wenu walikuwa wanafanya hivyohivyo upande wa pili, usiniambie hawakufanya."

"Walifanya."

"Na mimi nikamruka. Angekuwa amekufa nisingesumbuka. Aliinua mkono akanishika hapa, kifundo cha mguu. Alinishika kwelikweli. Watu wanapita chungu nzima, yeye kanichagua mimi. Anataka kusema, sauti haitoki, kifua kimebanwa. Nikamwambia, 'Watu wako watakuja.' Nikauvuta mguu wangu. Nikaenda kumtafuta mwanangu."

Nje wazee walikuwa wanabishana juu ya bei ya unga. Kiwembe kilikuwa kimesimama.

"Sikumgeuza hata nimtazame uso," mzee alisema. "Jezi tu ndiyo ninayoiona nikifumba macho. Ya zamani, imepauka. Mgongoni ilichanika ikawekwa kiraka cha pembetatu, tena kimeshonwa vizuri, kwa uzi wa bluu. Nimekaa nikijiuliza ni nani kamshonea mtu wa Chungwa kwa uzi wa bluu."

Mshonaji hakusogea. Uzi ule ulikuwa wake. Jezi ile ilikuwa ya Kinyozi. Ilinaswa na msumari wa mlango wa nyuma wa saluni hii hii, akaichukua mkobani, akaishona usiku kwa uzi uliokuwa tayari kwenye cherehani, na alipomrudishia walicheka kwamba sasa amemtia alama. Lakini Kinyozi alikuwa hapa, amesimama, mzima. Basi aliyeivaa siku ile alikuwa nani?

Alijua kabla hajamaliza kujiuliza. Asubuhi ya mechi Kipaza alikuwa amepita kwenye chumba cha kushonea, mdomo umejaa mkate. "Leo nakwenda kumkagua shemeji yangu. Nitakaa kwao kipindi cha kwanza, nimpime mbivu na mbichi." Yeye akamuuliza atakaaje katikati ya Chungwa na bluu yake. "Ataniazima nguo, dada. Mapenzi yenu yananivalisha uchafu." Alimfukuza kwa rula huku akicheka. Mwili ulipoletwa kifua wazi, na Kinyozi akasema amemwokota upande wa Bluu, Mshonaji aliamini kaka yake hakwenda popote. Waimbaji huvua jezi wakazipunga. Kila mtu aliamini hivyo.

"Unamjua?" mzee aliuliza.

"Nani, mzee?"

"Kijana huyo. Nyie mmewazika wenu, na wewe vichwa vyao vyote umevishika. Nataka kuwajua wazazi wake. Jumamosi nitapiga magoti mbele yao, watu wote wanione, Bluu na Chungwa. Sitaki tukae jukwaa moja nikiwa na jambo hilo. Nikishamaliza hilo ndipo nitakuwa na uso wa kukuita mwanangu."

Kinyozi aligeuka akasuuza kiwembe ambacho hakikuwa na povu. Alikisuuza kwa muda mrefu.

"Nitaulizia," alisema.

Alimaliza kazi. Alimfuta, akampaka spiriti, akamfungua kitambaa. Mzee alijitazama, akajipapasa mashavu. "Mkono mwepesi," alisema, na kwa kuwa aliona vijana wana mambo yao, akatoka akaenda kukaa benchi moja na mwokaji mikate.

Mshonaji aliinuka akapita moja kwa moja mpaka chumba cha nyuma, mahali pa ndoo za taulo na jiko la kuchemshia maji. Kinyozi alimfuata akasimama mlangoni.

"Jezi ile ni yako."

Kinyozi aliurudisha mlango nyuma yake.

"Niliishona mimi. Siku nilipokuletea uliivaa hapa hapa, ukageuka-geuka kama bibi harusi. Usinifanye mjinga."

"Ni yangu."

"Na aliyekuwa ameivaa?"

"Sindano, tafadhali."

"Sema. Nataka nisikie kwa mdomo wako."

"Kipaza."

Mshonaji alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Alidhani atapiga kelele, lakini alijikuta anauliza maswali, moja baada ya jingine, kama mtu anayedai chenji.

"Alikaa na nyie?"

"Kipindi chote cha kwanza. Alikaa kati yangu na mjomba. Mjomba hakujua ni nani. Aliniambia, 'Huyu kijana ana sauti, mbona simwoni kwenye mazoezi ya nyimbo?' Kipaza akamwambia yeye ni mgeni, anatafuta mahali pa kuozesha dada yake."

"Halafu?"

"Halafu mvua. Yeye ndiye aliyeuona kwanza ukuta unainama. Aliniambia, 'Mzee yuko chini ya ule.' Nilimshika mkono, akaniponyoka. Alipita kwenye kijilango."

"Alikwenda kumtoa baba."

"Ndiyo."

"Na baba akamruka."

Kinyozi alipiga magoti mbele yake, akataka kumshika mikono. Mshonaji aliirudisha mapajani.

"Ulimkuta hai?"

"Hai."

"Alisema nini? Usinipunguzie hata neno."

"Sauti yake ilikuwa imekwisha, nilitega sikio. Alisema, 'Mzee kanipita kama basi lililojaa, shemeji.'"

Mshonaji alicheka. Kicheko kilimtoka bila kutaka, kwa sababu ilikuwa ni sauti ya Kipaza kabisa, alimwona na mkate wake mdomoni. Kisha kicheko kiligeuka na akalia akiwa ameuma kitambaa cha kichwani ili sauti isifike nje. Kinyozi alilia pia, bila kujificha. Walilia hivyo wakiwa karibu sana, wala hawakugusana.

"Akaniambia nimvue," Kinyozi alisema. "'Nivue hili dubwana, nisije nikazikwa nalo.' Nikamvua. Nilifikiri atapumua vizuri zaidi. Alipumua kidogo tu."

"Baba angesimama, angepona?"

"Sijui."

"Unajua."

"Sijui, naapa. Labda. Kifua kilikuwa kimeumia. Labda angepona, labda asingepona."

"Na jezi?"

"Niliichoma."

"Ukaja kwetu. Ukakaa msibani kwetu, ukala sahani moja na baba, na kila nilipokutazama nikasema moyoni, yule ndiye wangu, yule hawezi kunificha kitu. Kumbe umenificha hili."

"Ningekwambia nini? Kwamba kaka yako alikufa kwa sababu alikuja kunitazama mimi? Nguo ilikuwa yangu, Sindano! Angevaa ya kwake, mzee angemwinua. Nalala nayo, naamka nayo. Sikujua kama mzee alimpita kwa kumwona au kwa vumbi. Leo ndiyo nimejua kwamba alimshika mguu." Alijifuta uso kwa kiganja. "Na leo ndiyo nimejua hatuwezi kunyamaza. Lazima aambiwe."

"Nani?"

"Mzee."

Mshonaji alisimama. "Umerukwa na akili."

"Amekuja kuuliza mwenyewe."

"Amekuja kuuliza habari za mtoto wa watu! Hakuja kuuliza habari za wake. Ukimwambia, umemzika. Yule unayemwona anataniana na wazee pale nje, hiyo ndiyo nguvu yote aliyobaki nayo, hana nyingine. Unataka ajue kwamba mkono uliomshika ulimshika kwa sababu ulikijua kiatu chake?"

"Sitaki. Lakini hataacha kutafuta. Ataingia nyumba za watu wetu moja baada ya nyingine, atapiga magoti mbele ya watu wasiojua anasema nini. Utamwacha?"

"Nitamwambia wazazi wamepatikana na wamesamehe. Hawataki kuonana na mtu."

"Uongo."

"Uongo, ndiyo."

"Na mimi nikae meza moja naye nimwite baba? Nimnyoe, ananisimulia habari za yule kijana, maana atanisimulia, umemsikia, na mimi niitikie, eeh mzee, pole mzee? Anishikie watoto wangu? Siwezi. Mimi siyo mtu wa namna hiyo, na wewe ulinipendea hilo."

"Nilikupendea vidole," Mshonaji alisema, na uchungu wa neno lenyewe ukamkata yeye kwanza.

Kinyozi hakucheka.

"Kipaza alitaka avuliwe," Mshonaji aliendelea. "Alitaka baba asimkute nayo."

"Ule ulikuwa utani wa mtu wa Bluu. Hakusema nimfiche babake. Mtu akishakufa mnamtia maneno yenu mdomoni."

"'Mnamtia' nani? Sisi watu wa Bluu?"

"Sindano, sikusema hivyo."

Walitazamana. Nje mwokaji alisema kitu na Mwenyekiti akajibu kwa sauti, na wazee wote wakaangua kicheko, safari hii kirefu. Mshonaji alikisikiliza mpaka kikaisha. Baba yake hakuwa amecheka hivyo tangu msiba.

"Unaweza kunyamaza?" aliuliza.

"Nikikuoa, hapana. Nitajaribu, na siku moja nitashindwa. Nitamwambia mbele ya watoto."

"Na usiponioa?"

Kinyozi alielewa. Alitafuta ukuta kwa mkono akauegemea.

"Usifanye hivyo."

"Usiponioa hutakuwa na sababu ya kukaa naye. Atakuwa mtu unayempita njiani. Utaweza?"

"Alikwisha sema ndiyo. Sindano, alikwisha kubali! Miaka yote tuliyongoja, ule woga wote, leo amekuja kwa miguu yake mwenyewe. Unaniacha kwa kosa gani?"

"Huna kosa. Ungekuwa na kosa ningekusamehe tukaoana."

Kinyozi alimshika mkono wakati huo, na Mshonaji hakuukwepa. Vidole vile virefu vilinukia sabuni na spiriti. Kinyozi alikipapasa kidole chake cha shahada, mahali ambapo ncha za sindano zilikuwa zimeotesha sugu, akakiinua akakigusisha mdomoni. Mshonaji alimpenda kuliko siku yoyote. Kama angemwambia neno moja zaidi, angebaki. Naye Kinyozi alilijua neno hilo na hakulisema, kwa sababu lilikuwa ni ahadi ya kumwoa na bado kunyamaza, jambo asiloliweza.

"Nitanyamaza," alisema. "Kwa ajili yako."

"Nipe maji ninawe uso."

Alimmiminia maji ya vuguvugu kutoka kwenye birika. Mshonaji alinawa, akajifuta kwa taulo, akalikunja taulo vizuri akaliweka juu ya mengine. Alipita mbele ya vioo bila kujitazama.

Nje mwokaji alikuwa ameshampa Mwenyekiti mkate wa bure, umefungwa kwenye gazeti, na Mwenyekiti alikuwa anasema ataula akiwa amefumba macho asione umetoka kwa nani. Waliagana kwa kushikana mikono kwa muda. Baba na binti walishika njia ya nyumbani.

"Na mkwe wangu mbona hakutoka kuniaga?"

"Hakuna mkwe, baba."

Mzee alisimama. "Nimemwambia atume wajumbe."

"Nimemwambia asitume."

"Kwa nini? Kwa sababu ya rangi? Rangi tumeshaizika, mama."

"Siyo rangi."

"Ana mwanamke?"

Mshonaji aliona mlango wa uongo umefunguliwa mbele yake na Kinyozi asiyekuwa na hatia amesimama hapo. Alipita.

"Anaye," alisema.

Uso wa mzee ulibadilika, ule mpya ulionyolewa, ukawa ule wa zamani wa juu ya ngazi. "Nilijua. Watu wa Chungwa..." Alijishika. Alitikisa kichwa, akavuta pumzi. "Hapana. Siyo Chungwa. Ni yeye peke yake. Na mimi nilishaanza kumpenda, unajua? Pole, mwanangu."

"Nimeshapoa."

Walitembea. Mzee alihamisha mkate kwapa moja kwenda jingine.

"Na yule kijana? Alikwambia chochote?"

"Aliniambia. Hakutaka kukwambia mwenyewe, aliona haya." Sauti yake ilikuwa tulivu, na alijichukia kwa utulivu ule. "Wazazi wake wanajua. Kuna watu waliona. Wamesema wamekusamehe, ila hawataki mtu awaendee, wala Jumamosi usimtaje. Wanataka waachwe na msiba wao."

"Wamesema hivyo? Wamesamehe?"

"Wamesamehe, baba."

Mzee aliinamisha kichwa pale pale barabarani, watu wanapita, akalia kwa sauti ya chini na mkate wake kwapani. Mshonaji alimsubiri. Baada ya muda mzee alijifuta macho kwa mkono wa shati, na kweli alionekana mwepesi, hata mgongo ulinyooka.

"Wana moyo watu wale," alisema. "Mimi nakwambia kweli, mwanangu. Ingekuwa ni Kipaza amelala pale, na mtu mzima na akili zake akamruka, mtu huyo nisingemsamehe. Si Jumamosi hii, si siku yoyote."

"Najua, baba," Mshonaji alisema, akamshika mkono wakavuka barabara.